Jina kwanza, PIN baadaye

Pale jeti ya Lamu hakuna anayetoa nauli kisha ndio aulize chombo chaenda wapi. Unauliza kwanza: Mokowe au Manda? Ukijibiwa unapanda, unalipa. Lakini mtu huyo huyo akishika simu anabonyeza PIN mbio mbio, na jina analisoma pesa zishaondoka.

Mimi ni mmoja wao. Nikiwa nyumbani Wiyoni nilimtumia fundi wa makuti shilingi 1,800, nikakosea tarakimu moja. Jina la mtu nisiyemjua likajitokeza. Nililiona, wallahi, lakini fundi alikuwa amesimama mbele yangu angoja, na nikafikiri ni laini ya mkewe.

Usinambie ni uzembe tu. Sehemu ya kosa iko kwenye mpangilio. Kila malipo hupita kwa walinzi kadhaa: mmoja auliza kama nambari ipo, mwengine kama PIN ni sawa, mwengine kama salio latosha. Watengenezaji wa programu huwaita intasepta. Kwenye Spring, mfumo wa Java unaotumika sana kujenga huduma za mtandaoni, walinzi hawa hufuata zamu waliyopangiwa. Mmoja akikataa, walio nyuma yake hawaulizwi kabisa. Zamu hiyo imechaguliwa na mtu, na mtu aweza kuibadilisha.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, jina la mpokeaji ulilipata kwenye ujumbe wa mwisho, pesa zishafika. Baadaye Safaricom ikaleta Hakikisha: ukishaweka PIN, jina linajitokeza kwa sekunde chache na unaweza kusimamisha. Ni hatua kubwa, ila mlinzi huyu amewekwa nyuma ya PIN, na ukinyamaza pesa zinaenda. Maoni yangu ni kwamba kunyamaza kusihesabiwe ndio. Huenda mtu anashuka mashuani, au macho yake si ya kusoma haraka. Jina litangulie, libaki pale hadi ulikubali, ndipo PIN iombwe. Mwenye simu janja ana afadhali, app nyingi humwonyesha jina mapema. Mwenye mulika mwizi naye ana haki hiyo hiyo. Kuna watakaonung'unika kwamba tunawachelewesha. Wacha wanung'unike.

Pesa ikiingia pia, zamu ni muhimu. Ukipata SMS ya pesa na mara mtu anakupigia akilia umrudishie, angalia salio lako kwanza, kisha ndio umsikilize.

Na ukishakosea kwenye M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo, kabla mpokeaji hajazitoa. Mimi nilianza kwa kumpigia yule mtu kumbembeleza. Nilipokumbuka 456, alikuwa keshazitoa, na fundi nikamlipa mara ya pili.