Kikwaya si "lahaja tu"

Ni kweli Mjita na Mkwaya wanaelewana vizuri tu sokoni Musoma. Lakini kuelewana hakujawahi kuwa kipimo pekee cha lugha. Kimasedonia na Kibulgaria navyo vinaelewana, na bado Kimasedonia kilipata alfabeti yake rasmi mwaka 1945, kikaingia shuleni. Hadi 2020 Bulgaria ilikuwa bado inakikana, ikazuia hata jirani yake asianze mazungumzo ya kuingia Umoja wa Ulaya. Tazama neno moja: Mmasedonia husema "knigava" kwa kitabu hiki, "knigana" kwa kile, na "knigata" kwa kinachojulikana, Kibulgaria sanifu kina hilo la mwisho pekee.

Kwetu tofauti ni kubwa zaidi ukifika Butiama kwa Wazanaki. Kijita kina irabu tano kama Kiswahili, Kizanaki kina saba. Ukiandika Kizanaki kwa a, e, i, o, u peke yake, maneno mawili tofauti yanafanana kwenye karatasi na msomaji anabaki kubahatisha. Wapo watakaosema kuziandika lugha hizi kunaleta ukabila. Sioni vipi: shule nyingi za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, na hakuna anayetaka kukiondoa. Mwalimu Nyerere, Mzanaki, ndiye aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Pingamizi zito ni gharama ya vitabu. Hapo nakubali Kijita na Kikwaya vitumie tahajia moja, maana irabu zao zinalingana. Kizanaki hakiingii humo, hata kwa kulazimisha.