Nani Anausikiliza Moyo wa Mtoto?

Mama anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, misuli ya mji wa mimba hukaza, na kwa muda huo damu inayoifikia kondo hupungua. Mtoto mwenye afya huvumilia, kisha hupata nafuu misuli inapolegea. Lakini uchungu ukifuatana bila kituo, au dawa ya kuuongeza ikitiwa pasipo uangalizi, mtoto huanza kukosa oksijeni. Hana sauti ya kuomba msaada. Anao moyo tu: mapigo yaliyopasa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika huteremka, nayo hukawia kurejea baada ya uchungu kupita. Ikiwa hakuna sikio linalosikiliza wakati huo, ishara hiyo hupita bure.

Kila mwaka watoto karibu milioni 2 duniani huzaliwa wamekufa, na zaidi ya asilimia 40 kati yao walikuwa hai leba ilipoanza. Waliianza safari ya kuzaliwa wakiwa hai, ndugu msomaji. Sisi tuliozoea kuwafariji wazazi kwa kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, yafaa tujiulize kwanza kama mtu yeyote aliusikiliza moyo ule usiku ule.

Wako watakaotuambia kwamba dawa ya msiba huu ni mitambo ya umeme inayochora mapigo ya moyo bila kukoma. Hatukubaliani nao. Utafiti uliofanywa katika nchi tajiri umeonyesha kwamba mitambo hiyo hupunguza degedege kwa watoto wachanga, lakini haikuonyesha kupunguza vifo vyao, na huongeza idadi ya akina mama wanaopasuliwa. Isitoshe, Wakenya tunakumbuka mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanzishwa mwaka 2015. Seneti ilipouchunguza, ilibainika kwamba katika kaunti kadhaa vifaa vilikaa bila kazi kwa kukosa umeme, maji au wataalamu wa kuviendesha. Utepe ulikuwa umekwisha kukatwa, na picha zimepigwa.

Chombo cha kale kingali kinafaa. Kile kipembe alichokibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895 hakihitaji umeme wala betri. Shirika la Afya Duniani linashauri moyo wa mtoto usikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 leba inapokuwa imekolea, na kila baada ya dakika 5 mama anaposukuma. Kila mara kwa dakika nzima angalau. Sasa na tufanye hesabu ya sokoni. Mkunga mmoja ana akina mama sita, na mmoja wao anasukuma. Huyo peke yake adai kusikilizwa mara 12 kwa saa. Wale watano, hata kwa kiwango cha chini cha kila nusu saa, wadai mara 10. Jumla ni mara 22 katika saa moja, na bado hajapima shinikizo la damu, hajapokea mtoto, hajashona, hajaandika neno. Ndiyo maana katika hospitali nyingi za nchi maskini chati ya leba hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Anayemlaumu mkunga huyo peke yake hajauona mzizi wa ubaya huu.

Hata hivyo uhaba si kisingizio cha kukaa kimya. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, wakunga na madaktari walitungiwa kijitabu kifupi cha mwongozo kilicholingana na hali yao halisi, si hali ya Ulaya, wakakisomea pamoja kila baada ya miezi kadhaa. Hawakuongezewa jeshi la wafanyakazi. Watoto waliozaliwa wamekufa walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Idadi ya 39 ingali ya kutisha, lakini tofauti hiyo ni watoto waliozaliwa hai.

Kwetu Kenya, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, pamoja na huduma za uzazi. Juni 2013 ada za kujifungua ziliondolewa katika hospitali za umma. Akina mama wakaja kwa wingi, lakini wakunga hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Agosti mwaka huo huo mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma huko Bungoma, na Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zake zilivunjwa. Haki hiyo, basi, inadaiwa mahakamani.

Inadaiwa pia katika vikao vya bajeti vya kaunti, ambavyo sheria inataka wananchi washirikishwe. Tunawaomba wanaharakati, na vyama vya akina mama makanisani, wahudhurie vikao hivyo na kuuliza: wadi ya uzazi ina wakunga wangapi usiku? Ikiamuliwa kwamba mama apasuliwe, ni saa ngapi hupita kabla ya kisu? Watoto waliofika wakiwa hai na kuzaliwa wamekufa mwaka jana walikuwa wangapi, na kila kifo kilichunguzwa na nani? Jibu litolewe kwa tarakimu, nalo liandikwe katika kumbukumbu za kikao.