Ada Siyo Gharama Yote ya Kumpata Fundi wa Magari

Liko jambo moja ambalo halijatazamwa kwa makini ya kutosha kila yanapozungumzwa mafunzo ya ufundi wa magari, nalo ni hesabu yake. Mzazi huuliza ada ni kiasi gani, mwalimu humjibu, ofisa wa wilaya huandika katika taarifa yake kwamba ada ni nafuu na nafasi zipo, na mazungumzo huishia hapo. Baada ya miaka miwili kijana amerejea nyumbani na cheti, hana kazi, na majirani wamekwisha kukata shauri kwamba ufundi haulipi. Maoni yangu ni kwamba ufundi wa magari unalipa, tena unalipa vizuri. Kasoro ni kwamba tunakatiza matumizi yetu hatua moja kabla ya mahali ambapo faida huanza.

Tuanze na gharama. Ada ambayo kwa miaka mingi imetangazwa katika vyuo vya VETA ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 120,000 kwa wa bweni. Ni fedha ndogo, na ni ndogo kwa sababu umma umebeba sehemu kubwa ya mzigo. Lakini kijana wa kutwa anayesoma miaka miwili anahitaji nauli, ovaroli, viatu vya karakana na madaftari. Tukadirie mahitaji hayo kuwa shilingi 2,000 kwa kila siku ya masomo, kwa siku 200 za mwaka: ni shilingi 800,000 kwa miaka miwili. Kadhalika, kijana huyo angeweza kuwa sokoni akibeba mizigo. Tuseme angepata 5,000 kwa siku. Siku 400 alizokaa darasani zimemkosesha shilingi 2,000,000. Jumla yote pamoja na ada ya miaka miwili ni shilingi 2,920,000. Ada tuliyoisifia kuwa nafuu ni kama shilingi 4 tu katika kila 100 za gharama yenyewe!

Makadirio hayo ni yangu, na msomaji aliyeko Tunduru au Ngara anaweza kuyabadili yalingane na mahali alipo. Atakavyoyabadili, ada haitakuwa sehemu kubwa. Gharama kubwa ni muda wa kijana, na unalipwa na kaya maskini bila risiti.

Sasa tuyatazame mapato, na hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Mhitimu asiye na vifaa huenda katika gereji ya mtaani akaomba kazi. Hupokewa, maana gereji hazikatai mikono. Lakini katika gereji zetu mwenye spana ndiye mwenye kazi. Mteja humlipa fundi mwenye vifaa, naye fundi humpa msaidizi wake kile atakachoona kinafaa. Kijana aliyefundishwa kufungua injini na kuifunga upya anabaki kuwa saidia fundi, pengine chini ya mtu ambaye hajawahi kuiona michoro ya injini anayoigonga. Tukadirie anapata 7,000 kwa siku, yaani 2,000 zaidi ya mchukuzi wa sokoni. Kwa siku 250 za kazi, nyongeza yake ni shilingi 500,000 kwa mwaka. Kuirudisha ile 2,920,000 kutamchukua karibu miaka sita. Si ajabu basi kwamba wengi huacha spana za wenzao na kuendesha bodaboda.

Mpe kijana huyo huyo boksi la vifaa vya kuanzia: seti ya spana na soketi, bisibisi, koleo, jeki, na kipimio cha umeme. Tukadirie boksi hilo ni shilingi 700,000, gharama yote ikawa 3,620,000. Kwa kuwa sasa anapokea kazi kwa jina lake mwenyewe, tuseme akishapata uzoefu kidogo anaweka mfukoni 15,000 kwa siku. Nyongeza yake juu ya mchukuzi ni 2,500,000 kwa mwaka, na gharama yote imerudi katika muda wa mwaka mmoja na nusu. Nakubali kwamba boksi peke yake halimfanyi mtu kuwa fundi, na yuko atakayeliuza wiki ya kwanza. Lakini ni uchumi gani huu wa kutumia mamilioni kumfundisha mtu, kisha kumnyima laki saba zinazoyafanya mamilioni hayo yazae?

Iko njia ya pili ya kuupata ufundi huu, nayo ndiyo inayotumiwa na mafundi wengi tunaowakabidhi magari yetu. Kijana huingia katika gereji bubu akiwa mdogo, huosha vyuma kwa dizeli, na hujifunza kwanza namba za spana: lete kumi, lete kumi na mbili, lete kumi na nne. Halipi ada. Hulipa kwa miaka, na siku nyingine kwa kushinda na njaa. Akifaulu, anaweza kuitambua hitilafu kwa kusikiliza mngurumo tu. Hata hivyo milango yenye mishahara ya uhakika imefungwa kwake, kwani migodi, makampuni ya usafirishaji na Wakala wa Ufundi na Umeme, yaani TEMESA, huuliza cheti. VETA inao utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao humpima fundi wa aina hii na kumpa cheti cha kile anachokijua tayari. Katika matumizi yote ya umma kwa ufundi, sijui kama lipo lenye faida ya haraka kuliko hili, kwa sababu gharama ya muda fundi huyo amekwisha kuilipa mwenyewe.

Waajiri wanaoujua ufundi hawakuisubiri hesabu yetu. Makampuni ya migodi yaliwahi kuungana na VETA kuendesha mafunzo maalumu katika chuo cha Moshi, yakiwamo ya mafundi wa mitambo mizito, kwa sababu mtambo uliosimama shimoni hula fedha kila saa. Nchini Ujerumani mwanagenzi wa ufundi wa magari husoma kwa miaka mitatu na nusu, akigawanya siku zake kati ya gereji na shule, na mwajiri humlipa posho muda wote huo. Huko ile gharama ya muda, ambayo kwetu hubebwa na kaya, hubebwa na yule atakayefaidi kazi.

Wenye viwanda watasema kwamba wao tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Ni kweli, nayo ilikuwa asilimia 6 ya mishahara kabla ya kupunguzwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Lakini tozo hujenga majengo na kulipa walimu. Haimwingizi mwanafunzi katika gereji ya mlipa tozo.

Na gereji ni lazima aingie, maana gari lenyewe limebadilika. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani yana gia za otomatiki na injini zinazoongozwa na kompyuta, na sasa yako yanayofungwa mitungi ya gesi asilia. Mwanafunzi anayefundishwa kwa injini ya kabureta iliyowekwa juu ya meza atahitimu akiwa fundi wa magari yaliyokwisha kuuzwa chuma chakavu. Fedha nzuri katika ufundi huu ziko kwenye umeme wa magari, gia na viyoyozi.

Ndugu zetu walimu wana neno lao hapa. Mkondo wa amali ulioingia katika sekondari mwaka 2024 utawafikisha kwenu wazazi wengi wenye swali lile la ada. Wajibuni kwa hesabu nzima, na msiwapeleke huko wale tu mnaowaona wameshindwa hisabati. Anayepima umeme wa gari anahitaji hisabati kuliko karani.

Kwa maofisa wa halmashauri, fedha zipo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imetenga asilimia 4 kwa ajili ya vijana na hutolewa kwa vikundi. Wahitimu watano wa ufundi wa magari ni kikundi halali. Maboksi yao matano, kwa makadirio yale yale, ni shilingi 3,500,000. Wapewe vifaa vyenyewe badala ya fedha taslimu, wapangiwe eneo la kufanyia kazi, na rejesho lianze mwezi wa nne, wateja wakishawajua.