Msiivamie Zanzibar

Vijana ninaowafundisha historia hapa Mombasa wana pupa moja wanapocheza Civilization VI. Wakikutana na mji-dola jirani mapema, kabla majeshi ya mtu yeyote hayajakomaa, wanaupelekea wapiga mishale na kuuteka. Hoja yao inaeleweka: mji umeshajengwa, una watu, na walinzi wake wa mwanzo ni wachache. Kwa nini ugharimie walowezi wa kwenda kuanza upya porini? Mimi nasema wanajinyima sehemu tamu kuliko zote za mchezo huo.

Tuchukue Zanzibar, maana imo humo. Ukiwa mlezi wake unapata karafuu na mdalasini, bidhaa mbili ambazo huzipati kwa njia nyingine yoyote katika ramani nzima. Bidhaa ya anasa ya kawaida hustarehesha miji minne. Karafuu peke yake hutosha miji sita, na mdalasini vivyo hivyo. Ukiiteka Zanzibar kwa nguvu, hazina hiyo inatoweka. Huipati wewe, wala hasimu wako. Unabaki na mji mmoja zaidi wa pwani wa kulisha na kulinda.

Ulezi wenyewe unapatikana kwa wajumbe. Lazima uwe na wajumbe watatu au zaidi katika mji huo, na uwazidi wachezaji wengine wote. Anayekuwa wa kwanza kuufikia mji hupewa mjumbe mmoja bure, kwa hiyo mchezaji mwerevu anatanguliza wapelelezi kabla hata hajafikiria mashamba. Tangu hapo mji mdogo umeanza kumpangia mkubwa ratiba yake, ingawa mkubwa anadhani yeye ndiye mwenye amri.

Geneva humwongezea mlezi wake asilimia 15 ya sayansi maadamu hayumo vitani. Nikiwa nayo, nakaa zamu nyingi bila kumchokoza jirani hata akinitupia maneno, kwa kuwa kila ugomvi unanilipisha elimu. Hattusa humpa mlezi malighafi za vita ambazo ameshazigundua lakini hana machimbo yake. Nchi isiyo na chuma hata kipande inageuka tishio. Kati ya viongozi wa kuchagua mchezoni, Matthias Corvinus wa Hungaria ndiye aliyejengwa hasa kwa ajili ya haya. Kila mlezi anaweza kulipa dhahabu akakodi jeshi la mji-dola, lakini akikodi Corvinus, askari hao wanatembea mbali zaidi na kupiga kwa nguvu zaidi. Mchezaji wa Hungaria asiye na marafiki wadogo hana vita vya kupigana.

Halafu kuna upande wa hatari. Ukimtangazia mtu vita, miji-dola iliyo chini ya ulezi wake inaingia vitani pamoja naye. Ndiyo maana naanza mashambulizi kwa kuhesabu wajumbe mpakani, kabla ya kuhesabu mizinga. Nimewahi kuiacha vita niliyoiandaa kwa muda mrefu kwa sababu mji mmoja mdogo, uliokaa mdomoni mwa mlango-bahari, ulihamia upande wa pili.

Waundaji wa mchezo walilielewa jambo hili vizuri walipoitia Kilwa Kisiwani katika orodha ya maajabu, kwenye nyongeza ya mwaka 2018. Anayeijenga anapata wajumbe watatu papo hapo, na ulezi wake juu ya miji-dola unaongeza mapato ya mji ilipojengwa. Akiwa mlezi wa miji miwili ya aina moja, faida inasambaa katika dola lake zima. Naona hiyo ni heshima ya kweli kwa Kilwa. Mji ule ulitajirika kwa kukaa njiani, dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwake, na kwa kujuana na watu wa mbali.

Lakini kuna pengo, na linaniuma kwa kuwa ni la pwani yangu. Miji-dola ya mchezo huu haina nia yake yenyewe. Kweli, huomba vijikazi: tuletee msafara wa biashara, funza mpiga mishale. Ukikamilisha, unapata mjumbe. Vijikazi hivyo havitokani na hofu wala hesabu ya mji wenyewe, na mwisho wa yote mji ni wa aliyerundika wajumbe wengi.

Malindi haikuwa hivyo. Aprili 1498 Vasco da Gama alipoondoka Mombasa kwa uhasama, Malindi ilimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Kalikuti. Sababu yake ilikuwa Mombasa, mshindani wake wa karibu. Mwaka 1505 kundi la meli za Francisco de Almeida likaipora Kilwa na kuiteketeza Mombasa, huku Malindi ikibaki salama. Kwa karibu karne nzima mji mdogo ulichangia kuamua Wareno watie nanga wapi na adui yao awe nani. Walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, sultani wa Malindi ndiye aliyeletwa kuitawala Mombasa chini yao. Kisha mwaka 1631 mtu wa ukoo huohuo wa washirika, Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliiteka ngome na kumuua kapteni wa Kireno. Baba yake alikuwa ameuawa kwa njama za Wareno. Hakuna hesabu ya wajumbe inayoweza kutoa tukio kama hilo.

Nataka mchezo utakaofuata uipe miji hiyo kumbukumbu. Mji ukumbuke nani aliuchoma mji jirani, na mtoto wa mtawala alipize. Miji miwili iwe na uhasama uliotangulia kufika kwangu, ili nikituma mjumbe wa kwanza Malindi, Mombasa ifunge bandari yake siku hiyohiyo, nami nilazimike kuamua kama rubani mmoja anastahili bei hiyo.