Daftari la Mchoraji

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka huijua sana mithali hii, lakini yafaa pia kwa majengo ya kale. Kila mkulima ajua mwisho wa nyumba ya udongo iliyoezuliwa: masika mawili matatu, na ukuta hurudi kuwa udongo. Ndivyo yalivyokuwa yakiharibika majengo ya misheni za California, Marekani, alipotokea mchoraji aitwaye Henry Chapman Ford.

Ford alizaliwa katika jimbo la New York mwaka 1828, akajifunza uchoraji huko Ulaya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza aliingia jeshini, na picha alizochora vitani zilipigwa chapa magazetini. Kisha alikaa Chicago, hata moto mkubwa wa mwaka 1871 ukateketeza chumba chake cha kazi. Mwaka 1875 alihamia Santa Barbara, mji wenye misheni yake.

Misheni hizo zilikuwa 21, nazo zilijengwa na mapadre Wafransisko kati ya mwaka 1769 na 1823. Kuta zake nyingi zilikuwa za matofali mabichi, na mapaa ya vigae. Baada ya mwaka 1833, serikali ya Mexico ilipoziondoa mikononi mwa mapadre, nyingi ziliachwa bila mwangalizi, watu wakachukua vigae na boriti kwa nyumba zao. Ford alisafiri kwa gari la farasi, akazichora zote. Mwaka 1883 alitoa kitabu chenye picha 24 zilizochorwa kwa bamba. Kazi hiyo yataka subira: bamba la madini hupakwa nta, mchoraji hukwaruza kwa sindano, kisha dawa kali hula madini mahali palipokwaruzwa. Hapo hutiwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi.

Mojawapo ya misheni hizo ni San Juan Capistrano, iliyoanzishwa mwaka 1776. Kanisa lake la mawe lilijengwa kwa miaka tisa, likamalizika mwaka 1806. Tarehe 8 Desemba 1812, watu wakiwa katika ibada, nchi ilitetemeka na kanisa likaanguka, likaua watu wapatao 40. Wengi wao walikuwa wenyeji wa kabila la Acjachemen, ambao mikono yao ndiyo iliyoyabeba mawe yale. Halikujengwa tena, Ford alilikuta gofu.

Lakini picha ya ukuta haisemi yote. Mwenyeji akiisha kubatizwa hakuwa na ruhusa ya kuondoka misheni apendavyo. Aliyetoroka alifuatwa, akarudishwa na kupigwa viboko. Maradhi yaliyoletwa na wageni yaliua maelfu. Anayetazama gofu zuri katika picha aweza kuusifu upinde wa mlango asimkumbuke aliyeujenga.

Kwa bahati, palikuwa na daftari jingine. Mapadre waliandika vitabuni majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Wazao wa Waacjachemen wamevitumia vitabu hivyo kutafuta ukoo wao na kuonyesha kwamba wao ni wa nchi ile tangu zamani.

Ford alifariki mwaka 1894. Mwaka uliofuata kiliundwa chama cha kutengeneza majengo hayo, na picha zake huhesabiwa miongoni mwa mambo yaliyowaamsha watu wayathamini. Aliyechora kuta alifanya kazi njema, na karani aliyeandika majina, pengine bila kujua, alifanya kubwa zaidi. Kuta zaweza kutengenezwa tena kwa kufuata picha. Jina lisiloandikwa wala kukumbukwa, hakuna fundi awezaye kulijenga upya.