Jiwe la Kusagia la Mmachinga



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Sheria ya Musa inakataza kulitwaa jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa kuwa alitwaaye ametwaa uhai wa mwenyewe. Deni halifutwi. Ila kipo kitu ambacho hata mwenye haki ya kudai hana ruhusa ya kukigusa. Je, beseni la machungwa la mama wa Kabuku si jiwe la kusagia?

Twauliza kwa sababu tunawasikia Wakristo wenzetu wakishangilia mgambo wanapopita na kubeba bidhaa za watu. Husema mji sasa unapumua. Hao hao, basi likisimama Segera, huwa wa kwanza kufungua dirisha na kuomba kupunguziwa bei. (Nasi mapadre tumo.)

Tangu zamani wachuuzi hawa wametawaliwa kwa kampeni na matamko. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasio na ajira rasmi walikamatwa Dar es Salaam kama wazururaji na kupelekwa vijijini. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Wengi walishusha pumzi. Mwaka 2021 likaja agizo la kuwapanga upya, na vibanda vikavunjwa katika miji mikubwa. Kitambulisho hakikumpa mtu mahali pa kusimama. Kilitoka kwa tamko, kikashindwa na tamko.

Hatusemi kila njia ya waenda kwa miguu igeuzwe gulio. Mwenye kibanda sokoni, anayelipa ushuru huku wateja wakiishia barabarani, ana malalamiko ya haki kabisa. Lakini malalamiko hayo yanadai sheria, si rungu.

India ilitunga sheria yake mwaka 2014. Wachuuzi wahesabiwe kwanza kabla ya kuondolewa. Katika kamati ya mji wasipungue asilimia 40 ya wajumbe. Anayehamishwa apewe notisi ya siku 30. Bidhaa zikikamatwa ziorodheshwe, na zile zinazooza zirudishwe siku ile ile mwenyewe anapozidai. Utekelezaji wake una kasoro nyingi, twakubali. Hata hivyo mchuuzi wa kule ana kifungu cha kumwonyesha hakimu. Wa kwetu ana nini, ila kupiga magoti mbele ya mgambo?

Yohane Paulo II alifundisha katika Laborem Exercens, mwaka 1981, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Basi madiwani wanaosali nasi Jumapili, wasingoje Bunge. Waanze na sheria ndogo moja: machungwa yaliyokamatwa asubuhi yaandikwe, na mwenyewe ayapate kabla jua halijazama.