Mwaka wa kutayarisha si mwaka wa kupotea



Tangu mwanzo wa mwaka wa masomo habari moja inazunguka pa uwanja wa shule. Ndugu yetu mmoja aliyemaliza hapa mwaka jana, optioni bio-shimi, amekatazwa na jamaa yake kwenda kusoma. Si kwamba alianguka. Diplome anayo, na pursantaji yake ilikuwa nzuri. Si kwamba pesa zilikosa kabisa, maana papa mukubwa wake alikuwa amekwisha kuahidi kumsaidia. Shida ni masomo aliyochagua, na zaidi mwaka mmoja ulioongezwa mbele yake. Alitaka kujifunza kutengeneza sinema ya michoro, ile sisi wote tunaita desen-anime. Shule ya sanaa aliyoiandikia ikamjibu kwamba, kwa kuwa hakufanya sanaa kwa segondari, ataanza na mwaka wa kutayarisha, ndipo aingie miaka mitatu ya licence. Jumla miaka mine.

Wengi wamemcheka. Mimi sikucheka, na ninaomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya nini.

Kwanza nisimulie namna kikao cha jamaa kilivyokwenda, maana nilikuwa pale. Ndugu yetu alisoma barua mbele ya wazee. Alipofika kwa neno «animation», papa mukubwa akainua mkono. «Animation? Ile ya kucheza? Mwanangu, ile tulicheza sana, na hakuna mtu alitupatia diplome.»

Watu wakacheka mpaka machozi. Sisi vijana hatukuelewa mara moja. Wakati inchi yetu iliitwa Zaïre, miaka ya 1970 na 1980, «animation» ilikuwa nyimbo na michezo ya kusifu chama cha MPR na Rais Mobutu. Wanafunzi na wafanyakazi walisimamishwa, wakapiga makofi, wakatingisha viuno, mtu apende asipende. Basi mzee akasikia neno lile na kumbukumbu yake ikaenda kule. Siwezi kumlaumu. Lakini hata baada ya kuelezwa kwamba ni kuchora picha moja moja mpaka zionekane zinatembea, jibu lake lilikuwa: «Miaka ine ju ya kuchora chura? Na ule wa kwanza hata si mwaka, ni prepa. Prepa iko ya batoto benye kuanguka.»

Pale ndipo ninataka kusimama, kwa maana maneno yale mawili, chura na prepa, nimeyasikia pia kwa midomo ya wanafunzi wenzangu, na hata ya mwalimu mmoja.

Tuanze na chura. Sinema ya michoro ya kwanza iliyojulikana kuwa ya mwana-Kongo mwenyewe, inchini mwetu, ni habari ya chura. Aliyeitengeneza ni Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mtu wa Sankuru. Inaitwa kwa kifaransa «Le Crapaud chez ses beaux-parents», maana yake chura aliyekwenda kwa wakwe zake, na ilitoka mwaka 1991. Ni hadithi ya wazee wa Batetela, imetengenezwa kwa karatasi zilizokatwa na kusogezwa kidogo kidogo chini ya kamera. Mwaka 1992 Kibushi akatoa nyingine juu ya uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991, akitumia michoro ya watoto walioona mambo yale kwa macho yao. Mtu anayesema desen-anime ni mchezo wa watoto aende atazame ile. Watoto walichora askari wakivunja maduka. Hakuna mchezo pale.

Tena Kibushi si wa kwanza kumpenda chura. Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza mwaka 1966 «Bon voyage, Sim», juu ya rais wa inchi ya vyura anayekwenda safari kwa jirani na kupokelewa kwa heshima zote. Ni sinema fupi sana, na mtu mkubwa akiitazama anajua ni marais gani wanachekwa. Basi kama chura anaweza kubeba mambo ya wakwe na ya serikali, tusimdharau.

Lakini tazameni njia ya watu hawa. Kibushi alisoma kwanza sanaa kwa Institut National des Arts ya Kinshasa, halafu akajifunza kazi ya kusogeza picha na watu wa Atelier Graphoui wa Bruxelles. Alassane alikuwa mchoraji tayari, ndipo akaenda Canada kukaa karibu na Norman McLaren, fundi mkubwa wa sinema hizi. Hakuna kati yao aliyeanza na mashine. Kulikuwa na kitu cha mbele, na kile cha mbele ndicho shule inamwomba ndugu yetu akifanye kwa mwaka mmoja.

Wanafanya nini mwaka ule? Nimeuliza, nimesoma, na nimejaribu mwenyewe kwa kaye yangu. Zoezi la kwanza karibu kila pahali ni mpira unaoanguka na kuruka. Unasema: kitu gani rahisi kupita mpira? Jaribu. Sinema inapitisha picha 24 kwa sekunde moja. Kwa kawaida mchoro mmoja unashikwa picha mbili, basi unahitaji michoro 12 kwa sekunde. Mpira ukiwa juu kabisa, karibu kugeuka, michoro inakaribiana. Ukikaribia chini, michoro inaachana, kwa kuwa mbio imeongezeka. Kama umeachanisha yote sawasawa, mpira wako hauanguki, unashuka kama lifti. Niliharibu kurasa nyingi kabla ya kufahamu jambo hili, na mimi ni mtu aliyepata pointi nzuri kwa fizika! Fomula ya kuanguka niliijua kwa kichwa. Mkono wangu haukuijua.

Halafu ukimaliza mpira wa dukani, chora mpira wetu wa mifuko na kamba. Hauruki vile. Halafu chora embe lililoiva. Unaona sasa kwamba hujachora umbo, unachora uzito. Mwaka wa kutayarisha ni kwa ajili ya hiyo: kukaa mbele ya mtu aliye hai na kumchora mpaka ujue mguu unabebaje mwili, kujifunza nyumba ya mbali inakuwaje ndogo, rangi, kupanga hadithi kwa vipicha vidogo kabla ya kuitengeneza, na kukusanya kazi zako katika faili moja, ambayo kwa shule nyingi inatazamwa kupita hata pointi za diplome.

Na kuko jambo ambalo sisi watu wa hapa tunaweza kulijua kupita vitabu. Vitabu vya kazi hii vinafundisha kwamba mtu akitembea kichwa chake kinapanda na kushuka kwa kila hatua. Ni kweli. Lakini tokeni asubuhi mutazame mama anayepeleka beseni ya ndizi sokoni. Kichwa hakipandi, hakishuki, kinapita kama mtumbwi juu ya maji matulivu. Magoti na viuno ndivyo vinafanya kazi yote. Mchoraji akifuata kitabu tu, ndizi zote zitamwagika. Au tazameni kijana wa chukudu akishuka mlima na magunia ya makala: mwili wote unavuta nyuma, sapatu moja juu ya gurudumu la nyuma kama freni. Nani atachora vile kama si mtu aliyeviona tangu utoto, na akafundishwa kutazama kile alichokiona? Kutazama kunafundishwa. Mimi nilipita mbele ya chukudu miaka kumi na saba bila kujua ule mguu unafanya nini.

Sasa neno prepa. Wazazi wetu wanajua prepolitekniki. Kwa miaka mingi mtoto aliyetaka kuwa enjenieri alipewa kwanza mwaka mzima wa hesabu na fizika, na jamaa ilitembea kifua mbele: «Mtoto wetu iko prepoli!» Hakuna aliyesema mwaka umepotea. Na sisi wa kanisa, je? Kabla ya ubatizo tulikalishwa miezi na miezi kwa mafundisho, tukajibu maulizo mbele ya wazee wa kanisa, na wengine walirudishwa. Mchungaji hakuambiwa anapoteza wakati wa watu. Ikiwa tunakubali kutayarishwa kwa daraja na kwa meza ya Bwana, juu ya nini kutayarishwa kwa mchoro kuwe haya? Wenye kufikiri kwamba kazi ya mikono haina neno katika Biblia wasome Kutoka sura ya 31, habari ya Bezaleli mwana wa Uri.

Ninajua kuko atakayenijibu kwamba Ufaransa walikuwa na mwaka kama huo, ule walioita MANAA, na kuanzia 2018 wakauondoa walipoleta diplome mpya ya miaka mitatu. Ni kweli. Lakini waliuondoa jina. Mafundisho yenyewe waliyaweka ndani ya mwaka wa kwanza, kwa maana mtoto aliyetoka kwa hesabu au kwa latini hakuzaliwa usiku mmoja na mkono wa mchoraji. Mpira ni ule ule.

Kuko pia wenzetu wa telefone. Hawa wanasema: chuo cha nini? Programu ziko za bure, Blender iko ya bure, na sinema «Flow» ya watu wa Latvia, iliyopata Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa nayo. Ninafurahi kama wao. Mwenye komputa na moto wa umeme ajaribu hata leo. Lakini programu haijui kwamba embe si mpira. Itasogeza kile umekiambia kisogee, na kama weye hujui, itakuwa mbio zaidi kukosea.

Hata hivyo sitaki mtu aseme nimewatuma vijana kichwa-kichwa. Papa mukubwa alikuwa na haki kwa jambo moja, nalo ni pesa. Mwaka mmoja zaidi ni minervale, nyumba na chakula cha mwaka mmoja zaidi. Ni lazima kuhesabu mine, si mitatu, na kuihesabu mbele ya jamaa bila kuficha. Tena prepa hazifanani. Uingereza, kwa mfano, kuko namna mbili: kuko mwaka ulio ndani ya chuo kikuu chenyewe, ukishinda unaingia mwaka wa kwanza pale pale, na kuko ule unaofanywa peke yake, unapewa karatasi yake, halafu unatafuta chuo upya. Ni vitu viwili mbalimbali kabisa kwa mtu wa mbali, kwa sababu ya pili inaweza kukuacha mlangoni. Kabla ya kulipa hata franka moja, uliza: nikishinda, nafasi yangu iko? Nikiacha baada ya mwaka, ninarudi na nini mkononi? Shule isiyotaka kujibu hivyo kwa maandishi, uiache.

Na ndugu yetu naye alikosea. Alikuja kwa kikao na barua tu. Mtu anayetaka kusoma kazi ya kuonyesha, asionyeshe kitu? Nilimwambia hivyo tukiwa njiani, akanyamaza. Jumapili iliyofuata alichukua kaye nzee, akachora chura kwa pembe ya kila ukurasa, kurasa 48, sekunde ine hivi ukizipitisha kwa kidole. Chura anatazama mto, anarudi nyuma, anaruka, anakosa jiwe. Alimpelekea papa mukubwa baada ya ibada. Mzee alipitisha kurasa. Akapitisha tena. Akamwita mama mukubwa naye akapitisha. Hakusema «ndiyo». Alisema tu: «Hii chura iko muzito.» Jamaa itakaa tena mwezi ujao.

Kwa upande wetu hapa shuleni ninaomba jambo moja. Saa ya desen ya Ijumaa, kalasi ya tano na ya sita, imekuwa saa ya kurudilia hesabu tangu mwaka jana. Ninafahamu Exetat iko karibu na hakuna swali la kuchora ndani yake. Lakini ndugu yetu anaombwa mwaka mzima kwa sababu ya saa kama hizo alizokosa, na mwaka ni ghali kupita saa. Bwana Prefe akubali kuturudishia hata Ijumaa moja kwa mbili. Karatasi hatuombi. Kila mtu ana kaye ya mwaka jana yenye kurasa zilizobaki. Walete hizo, na kreyo, na gome. Tutaanza na mpira.